Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Spea

Wanachuo wenzangu, wengi wetu hatuna magari, lakini ada za baadhi yetu zinatoka kwenye usukani wa Noah au Hiace. Mjomba wangu anapandisha abiria Marangu. Taa ya injini ilipowaka, fundi alichomeka mashine, ikasoma P0171, akamfungia sensa mpya ya oksijeni. Siku nne baadaye taa ikarudi. Hela ile ilikuwa ya ada ya binti yake.

Je, mashine ilidanganya? Hapana. Ilisomwa vibaya.

Msimbo unasemaje?

Mfumo huu unaitwa OBD-II, na Marekani iliulazimisha kwenye magari mapya tangu 1996. Chukua P0171. P ni injini na gia; B ingekuwa bodi, C chasisi, U mawasiliano ya kompyuta za gari. Sifuri inaonyesha kuwa msimbo ni wa pamoja kwa watengenezaji wote. Tarakimu inayofuata inataja eneo: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni uchomaji, 4 ni udhibiti wa moshi, 7 ni gia. Mbili za mwisho zinataja tatizo lenyewe.

Kwa hiyo P0171 inasema: upande wa kwanza wa injini, hewa imezidi mafuta. Injini ya petroli hulenga takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa. Kumbadilisha mtoa taarifa hakuondoi tatizo.

Wapo wanaosema ni mlima. Moshi mjini ni kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na geti la Marangu linapita mita 1,800. Kweli, huko juu hewa ni nyepesi, ila kompyuta inaipima na kupunguza mafuta yenyewe. Mlima peke yake si sababu.

Jaribu kwanza

Mashine nyingi zinaonyesha pia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Acha injini isailensi, soma. Kisha panda hadi mizunguko 2,500, soma tena. Kama nyongeza ni kubwa gari likisailensi na inashuka ukikanyaga, shuku hewa inayoingia kwa wizi: mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Kama inazidi ukikanyaga, angalia filta, pampu ya mafuta au sensa ya kupima hewa. Kwa mjomba, fundi wa pili alikuta mpira mdogo nyuma ya manifoldi una ufa.

Mfano mwingine ni P0302, yaani silinda namba 2 inamisi. Hamishia koili yake kwenye silinda namba 3, futa msimbo, endesha. Ikitokea P0303, koili imekufa. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Nenda kwenye plagi, nozeli, kisha kompresheni. Ila taa ikiwa inawaka na kuzima, usiendelee kupanda: petroli isiyoungua inaweza kuyaunguza masega ya ekzosi.

Sisi wa ualimu tunalijua hili

Mwanafunzi akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, alama ya kosa inakuambia amekosa, haikuambii kwa nini. Mwalimu anayerudia mada nzima bila kumuuliza amefikaje hapo hana tofauti na fundi anayebadilisha sensa. Dalili huanzisha swali, na jaribio ndilo linalotenganisha sababu moja na nyingine.

Kwa hiyo mzazi akipiga simu kwamba taa imewaka, mwambie amuulize fundi mambo matatu kabla ya kutoa hela: msimbo ni upi, umejaribu nini, na jaribio limeonyesha nini. Kufuta msimbo tu si matengenezo. Fundi mzuri atajibu yote matatu bila kukasirika, na huyo anastahili kulipwa kwa kichwa chake, si kwa spea tu.