Tujifunze neno: "Settlement" ni makazi au ni mapatano?



Katika somo hili tunachambua neno moja la Kiingereza linaloingia kila mara katika mikutano yetu, ingawa sisi huku tunaongea Kiswahili na Kifaransa, pamoja na Mashi, Kihavu, Kifuliru na lugha nyinginezo. Karatasi nyingi za misaada huandikwa mbali kwa Kiingereza, zikafika kwetu zimetafsiriwa haraka haraka. Neno lenyewe ni "settle", pamoja na watoto wake "settlement" na "resettlement".

Tulianza kulichunguza baada ya kosa letu wenyewe. Tulikuwa katika kijiji kimoja cha Kalehe, ambako familia zilizokimbia vita zilipokelewa na wenyeji, na mambo ya mashamba yalikuwa yameanza kuleta maneno. Karatasi ya mradi ilisema "settlement of land disputes". Mwenzetu aliyetafsiri alijua kwamba "settlement" ni makazi, basi akatangaza mbele ya watu wote kuwa mradi unaleta makazi kwenye mashamba yenye migogoro. Wazee wakatazamana. Mmoja akasimama, akauliza: "Kwa hiyo mmekuja kuwagawia wageni mashamba yetu?" Mama mmoja kati ya waliokimbia akainamisha kichwa, maana alijua hasira ile itamwangukia nani jioni. Ilitubidi kurudi kijijini mara tatu ili kueleza kwamba karatasi ilitaka kusema kusuluhisha migogoro ya mashamba, na kwamba hakuna shamba lililokuwa linagawiwa.

Tuanze na picha rahisi. Mvua kubwa ikinyesha, maji huja na udongo. Tunayaacha kwenye bidoni mpaka yatuame, udongo ushuke chini. Kwa Kiingereza udongo huo una-"settle". Kiswahili chetu nacho kina ukoo wa namna hiyo: kutua mzigo, kutulia, kutuama, kituo. Kitu kilichokuwa kinahangaika kimefika chini, kimetulia. Ukiishika picha hii, maana nyingine utazielewa kwa urahisi. Mtu aliyehama akipata mahali pa kukaa, ametulia. Ugomvi ukipatanishwa, umetulia. Deni likilipwa, roho ya mwenye deni inatulia. Kiswahili kinatumia maneno tofauti, yaani kukaa, kusuluhisha, kulipa, lakini Kiingereza kinaweza kuyabeba yote kwa neno moja. Hata benchi ya mbao yenye egemeo refu huitwa "settle" kwa Kiingereza. Sisi tusishangae sana, kwani baraza letu nalo ni mahali pa kukaa, na tena ni mkutano wa kumaliza kesi.

Lakini neno hilo lina upande mbaya. Waingereza wakisema mtu ana-"settle scores", wanamaanisha analipiza kisasi. Kifaransa nacho kina "règlement" kwa kumaliza ugomvi na kulipa deni, na kina "règlement de comptes", maneno tunayoyasikia mtu akiuawa usiku katika kartiye. Basi neno la upatanisho na neno la kisasi yako jirani sana, na mtafsiri aliyechoka anaweza kupotea.

Sasa tufike mahali ambapo kosa linagharimu familia zaidi. Kwa wakimbizi waliovuka mpaka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, linataja njia tatu: kurudi nyumbani kwa hiari, kubaki na kuishi katika nchi iliyowapokea, au "resettlement", yaani kupelekwa nchi ya tatu. Njia hii ya tatu ni nyembamba mno. Wanaoipata kila mwaka hawafiki hata mmoja kati ya wakimbizi mia duniani. Mwaka wa fedha wa 2024 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote waliopokelewa Marekani kwa njia hiyo, lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake.

Kumbe kuna maandishi mengine, yale ya mwaka 1998 yanayoitwa Kanuni Elekezi kuhusu wakimbizi wa ndani. Kanuni ya 28 inasema wenye mamlaka wana wajibu wa kuwawezesha watu kurudi kwao kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, au "resettle" katika sehemu nyingine ya nchi hiyo hiyo. Hapo hakuna ndege wala Amerika. Ni mtu wa Kalehe kuamua kuanza maisha Idjwi au Walungu. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Burundi, na wengine wakabaki ndani ya nchi. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kusikia neno hilo hilo, kila mmoja upande wake wa mto Ruzizi, likawa na maana mbili.

Uganda iko na maana ya tatu. Kule "settlement" ni jina la mahali wakimbizi wanapoishi, kama Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, ambako familia hupewa kiwanja cha kujenga, na mara nyingi kipande cha kulima. Shemeji akiwapigia simu kusema amefika "settlement", msianze kuuza vyombo mkidhani anaelekea Chicago.

Hatusemi hivyo kwa mzaha. Tumekutana na familia iliyouza cherehani, chombo chake cha kazi, ili kumlipa mtu aliyeahidi kuwaingiza kwenye orodha ya "resettlement". Orodha haikuwepo. Huduma za HCR ni za bure. Anayewaomba dola kwa ajili hiyo ni mwizi, hata akivaa kofia ya shirika.

Kuna matumizi moja ambayo viongozi wa kamati wayafikirie zaidi. "Settle for" maana yake ni kukubali pungufu. Mjane aliyedai shamba lote la marehemu anapewa nusu, anakubali kwa sababu amechoka kuja barazani. Katika ripoti tunaandika kesi iko "settled". Je, imetuama, au tumemnyamazisha? Kwa maoni yetu, neno hilo lisitumike katika hati ya mapatano. Andikeni nani anampa nani nini, mpaka unaanzia mti gani hadi jiwe gani, siku gani, mbele ya mashahidi gani. Hati isomwe kwa sauti katika lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa, na kila upande uondoke na nakala yake.

Zoezi la kufanya pamoja, wenyeji na waliokimbia wakiwa wamechanganyika: tafsirini sentensi hizi mbili bila kutumia neno makazi. Ya kwanza: "The two families reached a settlement." Ya pili: "Ten families will settle near the market." Kisha kila kundi liseme ni nani anayehama katika kila sentensi, na kama yupo, ni nani aliyemwuliza.