Kutayarisha Mawe Makavu kwa Tangi la Maji ya Bahari

Ndugu msomaji, huenda ukauliza sisi watu wa Moshi, tuliozoea migomba na theluji ya Kibo, tuna haja gani na samaki wa bahari. Jibu ni kwamba wengi katika darasa letu hawajapata kuiona bahari kwa macho yao, na chama chetu cha sayansi kiliazimu kuwaletea kidogo. Tulipata tangi la kioo la lita 120, maji ya bahari katika madumu kutoka Tanga, mawe, na samaki wadogo wanane waliosafiri kwa ndoo. Siku ya nne samaki wote walikuwa wamekufa. Mimi ndiye niliyeshikilia watiwe upesi, ili wazazi wawaone siku ya mkutano wao. Fedha zilikuwa za mchango wa wanachama, na wengine walitaka kazi hiyo ifungwe kabisa. Kwa hiyo imenipasa kueleza kosa lilikuwa wapi.

Kosa lilikuwa katika mawe. Sisi tuliyadhani kuwa ni mapambo, kumbe ndiyo yanayosafisha maji. Samaki hutoa amonia kwa matamvua na kwa uchafu wake, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Baharini wako bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu vilevile, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa haikuzidi mno. Bakteria hao hupenda kushikamana na kitu, hasa jiwe lenye matundu mengi. Jiwe lililokauka juani halina kundi hilo. Tuliwatia samaki wanane katika nyumba isiyo na mfagiaji.

Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi aliyezaliwa Kyiv, alionyesha kazi ya bakteria wa namna hii katika udongo. Nami nilipoelezwa nilikumbuka kihamba chetu cha Kibosho. Mama hatii samadi mbichi kwenye mche mchanga wa mgomba, maana huunguza. Huiacha kwanza ikaiva. Nilikuwa nimeiona kazi hiyo tangu utoto bila kuuliza sababu.

Sasa, ni jiwe gani lifaalo? Mawe meusi ya mlima wetu yana matundu mazuri, lakini ni ya volkano, na huenda yakawa na madini yasiyofaa majini, tukayaacha. Matumbawe hai hayaguswi, maana ndiyo makao ya samaki na sheria inakataza kuyavunja. Sisi tulitumia jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu pwani, lile lile waliojenga magofu ya Tongoni na nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja walilolitumia. Ukilidondoshea siki, hutoa povu, kwa kuwa ni chokaa na siki hufukuza hewa ya ukaa iliyomo. Jiwe la volkano hukaa kimya.

Baada ya msiba tuliyatoa mawe yote tukaanza upya. Tuliyasugua kwa brashi ngumu hadi udongo wote ukatoka matunduni, kisha tukayalaza katika ndoo za maji baridi wiki mbili, tukibadili maji kila siku ya tatu. Maji ya kwanza yalikuwa kama chai ya maziwa. Mwenzetu mmoja alitaka kumwaga dawa ya kung'arishia nguo ndani ya ndoo iliyokuwa na siki. Mwalimu alimzuia kwa sauti ambayo hatujaisikia tena: viwili hivyo vikichanganyika hutoa klorini, hewa inayochoma mapafu. Msijaribu.

Kisha mawe yakarudi tangini katika maji ya bahari, yenye karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. (Chumvi ya mezani haitoshi, bahari ina magnesi, kalsi na vinginevyo.) Pampu iliyasukuma maji mchana na usiku, na tangi tulilifunika kwa blanketi ili mwani usiote. Tulitia kipande cha kamba mbichi kioze, kiwe chakula cha bakteria. Harufu yake mabwenini haikutuletea marafiki.

Hapo ndipo pagumu, maana hakuna la kufanya ila kupima. Amonia ilipanda kwanza, kisha nitriti, kisha zote mbili zikashuka na nitrati ikaonekana. Wengi hupata hayo kwa wiki nne hadi sita. Sisi tulichukua siku 44, kwa sababu usiku wa Julai hapa ni baridi na bakteria hupenda joto la nyuzi 25 au zaidi. Maji yalipopungua tuliongeza maji matamu, si ya bahari, kwani chumvi haipandi na mvuke.

Siku ya 45 tulitia samaki mmoja. Wiki mbili baadaye tukatia wawili. Hadi ninapoandika wote watatu wanakula, na mawe yameanza kuvaa rangi ya kahawia. Tangi liko maabara ya biolojia, karibu na dirisha la kaskazini, na wazazi watakaofika wanaweza kuliona. Tafadhali msigonge kioo.