SOMO LA AFYA: MGUU URUKAO WENYEWE BAADA YA JERAHA LA MGONGO

Kila ufikapo msimu wa karafuu hutokea watu kuanguka mikarafuuni, na wakwezi wa minazi nao huanguka mwaka mzima. Baadhi yao huumia mgongo. Somo hili linawaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla jambo ambalo jamaa za majeruhi aghalabu hulifasiri visivyo, nalo ni miguu iliyopooza kuanza kuruka yenyewe.

Ndani ya pingili za uti wa mgongo hupita ugwe mgongo, uzi laini usiozidi unene wa kidole cha mwisho, na kutoka humo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu. Daktari agongapo kwa kinyundo cha mpira kano iliyo chini ya pia ya goti, msuli wa mbele ya paja huvutika ghafla. Habari ya kuvutika huko hukimbilia kwenye ugwe mgongo, na jawabu hurejea papo hapo kwa msuli ule ule kwamba ujikaze. Ndipo mguu ukaruka. Ruhusa ya ubongo haingojewi. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1875 na madaktari wawili wa Kijerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal. Hata hivyo, ubongo huteremsha amri za kuutuliza mwendo huo usipite kiasi.

Basi hukumu hutegemea mahali palipoumia. Ukikatika au kubanwa mshipa wenyewe utokao kwenye ugwe, njia ya habari imefungika: msuli hulegea, goti halijibu, na baada ya wiki kadhaa paja huanza kukonda. Goti hupima mishipa ya kiunoni, wa pili hadi wa nne. Kano ya kisigino hupima mshipa ulio chini zaidi, karibu na kitokono. Kwa hiyo goti linaweza kujibu vyema na kisigino kikawa kimya, na daktari akajua pa kutafuta.

Ukiumia ugwe wenyewe juu zaidi, tuseme usawa wa kifua, mambo huwa kinyume. Siku za mwanzo, pengine wiki kadhaa, miguu hulegea kabisa na haijibu kinyundo. Ni mshtuko wa ugwe. Kisha majibu hurejea, tena kwa ukali, kwani zile amri za utulivu hazifiki tena. Misuli hukakamaa, mguu huruka kwa kuguswa na shuka tu, na wayo ukikwaruzwa kidole gumba huinuka juu badala ya kujikunja. Alama hii ya kidole ilielezwa na Joseph Babinski huko Ufaransa mwaka 1896, na kwa mtoto mchanga si ugonjwa.

Hapo ndipo jamaa hugawanyika: wengine hushukuru kuwa mgonjwa amepona, wengine husema amepagawa na jini. Yote mawili siyo. Mguu unaoruka bila ya mwenyewe kutaka haujaponyeka. Dalili ya kutegemewa ni mgonjwa kuambiwa atikise kidole naye akakitikisa, au kuhisi mguso pale alipokuwa hahisi. Na mikazo ikizidi ghafla, atazamwe: huenda ana kidonda cha kulalia au maradhi ya njia ya mkojo asiyoyahisi.

Wananchi wanaombwa wasimnyanyue aliyeanguka kwa kumshika mikono na miguu, wala wasimkalishe, wala wasimkande. Pingili iliyovunjika ikisogea huweza kuukata ugwe uliokuwa mzima. Asiondoshwe alipo ila pana hatari; na ikilazimu kumhamisha, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kichwa, kiwiliwili na miguu vikiwa mstari mmoja, alazwe juu ya ubao. Na yeyote mwenye maumivu ya mgongo akashindwa kukojoa, au akafa ganzi sehemu zinazokalia kiti, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuanguka popote.