Somo: Kufuli la Pili la Barua Pepe na Funguo Zake za Akiba



Baadhi yenu mmetutaka tueleze kwa nini siku hizi barua pepe yadai uthibitisho mara mbili, na kwa nini mtu asumbuliwe na namba hali neno la siri analo. Jambo hili lataka maelezo marefu kidogo, maana barua pepe ya leo si ya kupelekeana salamu tu. Ndani yake mna nakala za hati za mashamba, risiti, barua za benki na karatasi za shule za watoto. Tena mtu akisahau siri ya akaunti yake nyingine yoyote, aghlabu njia ya kuipata upya hupelekwa kwenye barua pepe. Basi aliyeishika barua pepe yako ameshika kitita kizima cha funguo.

Mfano wetu twautoa Geita na Shinyanga. Msomaji atauliza, karafuu na dhahabu zina ujamaa gani? Hazina. Lakini vijana wa visiwani waliokwenda kutafuta riziki Kahama, Katoro na Geita mjini si wageni kwetu, ni watoto wetu. Na huko yamekusanyika pahali pamoja karibu mambo yote yawezayo kumpotezea mtu akaunti yake.

Nchi ile ni ya madini tangu zamani. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi wa kale wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ukafungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Kando ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, huko Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, na kwa upande wa Shinyanga, Mwakitolyo. Mchimbaji wa namna hii hushuka katika duara, nalo ni shimo refu lenye giza na pengine maji, na simu i mfukoni. Ikizama imezama. Akipanda juu hununua simu nyingine, na mara nyingi laini nyingine; na ikisikika habari ya machimbo mapya huhama, akawa mahali ambapo mtandao wa simu haushiki.

Wala si mtu asiye na karatasi. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo eneo lake halizidi hekta 10, huombwa Tume ya Madini kwa njia ya mtandao, na mwombaji hana budi awe na anwani ya barua pepe. Dhahabu yenyewe, tangu lilipofunguliwa soko la madini la Geita mwezi wa Machi 2019, huuzwa kwa mizani na maandishi.

Sasa tazameni linalotokea. Bwana huyu hana kompyuta, basi huenda duka la steshenari. Kijana wa duka humfungulia barua pepe kwa dakika kumi. Neno la siri hulitunga yule kijana. Papo panapotakiwa namba ya simu ya kurejeshea akaunti, kijana huandika namba yake mwenyewe, ili ujumbe ufike upesi na kazi iishe. Kisha humpa mteja kipande cha karatasi chenye neno la siri, akalipwa, wakaagana kwa wema. Hatusemi kijana huyo ni mwizi. Wengi wao ni waungwana, na wamewafaa watu. Lakini ufunguo wa mlango wa nyuma umebaki kwake. Miaka miwili ikipita, duka limehama, kijana amekwenda zake Mwanza, na namba yake ameshaiacha. Mwenye leseni amesahau siri. Anaomba msaada katika simu yake, na msaada unakwenda kwenye namba ya mtu asiyemjua kabisa. Desturi hii ipo vilevile Wete na Chake Chake na Unguja mjini, nasi hatuipendi hata kidogo.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga kufuli la pili, anzeni kwa kutazama ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye ufunguo wa nyuma. Katika akaunti ya Google, ambayo ndiyo wengi wenu mnayo, fungueni mipangilio ya akaunti, kisha pahali paitwapo Usalama. Hapo mtaona namba ya simu ya kurejeshea akaunti na anwani nyingine ya barua pepe ya kazi hiyohiyo. Ikiwa si yenu wala si ya mtu wenu, ibadilisheni leo. Mtaona pia orodha ya simu na kompyuta zilizofungua akaunti. Msiyoitambua itoeni, kisha badilisheni neno la siri.

Anwani ya pili iwe ya mke, mume, ndugu au mtoto mtu mzima ambaye mwamwamini, naye awe aifungua mara kwa mara. Tangu Desemba 2023 Google yaweza kuifuta akaunti iliyolala miaka miwili bila kutumiwa, na anwani iliyofutwa haiwezi kumrejeshea mtu kitu.

Baada ya hayo ndipo twaja kwenye kufuli lenyewe. Google ilianza kuwapa watu wote uthibitisho wa hatua mbili mwaka 2011, na maana yake ni nyepesi: neno la siri peke yake halitoshi, pana kitu cha pili ambacho kiko mkononi mwako. Mwizi wa mbali aweza kulijua neno lako, lakini kile kitu cha pili hana.

Kitu hicho chaweza kuwa namba iletwayo kwa ujumbe wa simu. Hii ni bora kuliko kukosa, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote, na watu wa machimboni wapaswa kulijua hilo kuliko sisi. Namba ya simu si kama shamba la urithi. Si mali yako, wewe umepewa uitumie. Ukiiacha muda mrefu hufungwa, na baadaye yaweza kupewa mtu mwingine. Mnakumbuka usajili wa alama za vidole: muda wake ulikwisha tarehe 20 Januari 2020, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Aliyekuwa ameifunga barua pepe yake kwenye laini ya namna hiyo alifungiwa nje. Tena yuko tapeli awezaye kumdanganya wakala akapewa laini mpya yenye namba yako, na ujumbe wote ukamwendea yeye. Bonyezeni *106# muone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu.

Njia iliyo bora ni programu ya kuhesabu namba. Huwekwa katika simu, nayo hutoa namba ya tarakimu 6 inayobadilika kila baada ya sekunde 30. Ajabu yake ni kwamba haihitaji mtandao wa simu wala laini. Siku ya kuiweka, simu na kampuni ya barua pepe hupeana siri moja, na kila upande huchanganya siri hiyo na saa, wakapata jawabu lilelile bila kuulizana. Kwa hiyo hufanya kazi hata pasipo mnara, na namba hutoka ileile hata ukibadili laini mara kumi. Sharti lake ni saa ya simu iwe sawa. Iacheni ijirekebishe yenyewe, maana ikipotoka dakika chache namba zitakataliwa, nawe utadhani akaunti imeibiwa.

Lakini simu yenye programu ikizama katika duara, programu imezama nayo. Hapa ndipo zinapofaa namba za akiba, na twawasihi msizipuuze, kwani twaona watu wengi hufunga kufuli la pili kwa furaha kisha hawachukui funguo za akiba. Google hutoa namba 10, kila moja ya tarakimu 8, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandikeni kwa kalamu katika karatasi. Msizipige picha kwa simu ileile, kwa sababu simu ikipotea picha imepotea, na simu ikiibiwa mwizi amepewa zote. Kijana aliye Rwamagasa aache karatasi moja kwa mama yake Pemba, katika sanduku la hati. Siku ya msiba wa simu atampigia kwa simu ya rafiki, na mama atamsomea namba moja. Mkitengeneza namba mpya, za kwanza hazifai tena, basi karatasi ya zamani ichanwe.

Kabla ya kumaliza, jaribuni. Ingieni katika akaunti kwa simu ya ndugu, muone kama namba zakubaliwa, kisha tokeni na hakikisheni mmetoka. Kufuli lisilojaribiwa si la kutegemea.

Liko jambo ambalo hakuna programu iwezayo kulizuia, nalo ni mdomo. Mtu hupiga simu akasema yeye ni wa kampuni, au wa benki, au mnunuzi wa karafuu, na kwamba kuna namba imekuja kwako kwa makosa, umsomee. Namba hiyo ndiyo ufunguo wenyewe. Asomewe mama yako akiwa ndiye mwenye akaunti, wala si mwingine yeyote. Wanaotuma ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" ni ukoo mmoja na hawa, na namba zao zaweza kuripotiwa bure kwenye 15040.

Ikiwa mtu ameshaingia na kubadili namba ya kurejeshea, msikae mkisubiri. Google huiachia namba ya zamani, kwa muda wa siku 7, nafasi ya kuikomboa akaunti. Ombeni kurejeshewa, na mfanye hivyo kwa simu na mahali mlipozoea kuitumia. Anayejitokeza mtandaoni akidai atawarejeshea kwa malipo, huyo ni tapeli wa pili.

Mwanachama ambaye maelezo haya hayakumtosha aje ofisini asubuhi yoyote ya kazi, na simu yake mwenyewe, kalamu na karatasi, na kama ana mtoto bara, ampigie simu akiwa hapa ili wafanye pamoja. Neno la siri ataliandika kwa mkono wake. Karani atageuza uso.