SOMO LA KAZI: KUBANDIKA NA KUBANDUA PLASTIKI YA MAGARI



Siku hizi magari mengi ya viwanda na mashamba hayaandikwi tena kwa brashi na rangi. Yanabandikwa plastiki nyembamba yenye gundi, inayoitwa vinaili. Pikapu za mashamba ya chai, malori ya soda na mabasi ya kubeba wafanyakazi, yote yanavishwa nguo hiyo. Kampuni ikibadili jina au alama, nguo ya zamani huvuliwa. Mara nyingi haitwi fundi. Wanaitwa vijana wa yadi na matanboi, wanaambiwa: "Bandueni hizo."

Tumeandika somo hili kwa sababu ya jambo lililotokea katika tawi letu moja. Vijana watatu waliamriwa kubandua plastiki ya lori iliyokaa juani miaka sita. Hawakupewa kifaa hata kimoja. Walitumia kucha na kisu cha jikoni. Plastiki ilitoka vipande vidogo kama maganda ya yai, na kwenye mlango wa kushoto rangi ikatoka nayo. Mwisho wa mwezi kila mmoja akakatwa mshahara.

Tulikwenda kwa meneja. Alituuliza: "Mlango huo ulikuwa mzima kabla yao, au haukuwa?" Dereva mzee alijua kwamba uliwahi kugongwa na kupakwa rangi upya gereji. Lakini hakukuwa na maandishi. Tulishindwa, na vijana wakalipa. Hatutaki kushindwa tena namna hiyo.

1. IJUE PLASTIKI YENYEWE

Vinaili ni PVC, ile ile ya mabomba ya maji, ila imetiwa dawa ya kuilainisha. Ziko aina mbili. Ya kwanza husukumwa kati ya magurudumu mazito ya chuma, kama chapati inavyosukumwa. Ni nene kidogo na bei yake ni nafuu, lakini ina tabia ya kujikunja irudi ilivyokuwa. Ya pili humiminwa ikiwa majimaji, kisha hukaushwa kwa joto. Hiyo ni nyembamba sana: karatasi 20 zikipangwa pamoja hufikia kama milimita 1 tu. Hutulia vizuri kwenye mikunjo.

Aina ya kwanza inafaa ubavu ulionyooka wa lori. Ya pili inafaa bampa na kona. Mwajiri akinunua ya kwanza na kutaka ikae kwenye bampa, itanyanyuka. Hilo si kosa la aliyebandika.

2. KUBANDIKA

(a) Osha gari kwa sabuni, likauke. Kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa safi, hasa kwenye kingo na chini ya vishikio. Vumbi moja dogo huonekana kama chunusi.

(b) Fanya kazi kivulini, mahali pasipo upepo. Bodi ikiwa ya moto, gundi hushika mara moja na huwezi kusahihisha.

(c) Rangi mpya ya gereji isibandikwe upesi. Juu huonekana kavu, kumbe ndani bado inatoa hewa ya thina. Hewa hiyo hufanya mapovu. Ingoje wiki kadhaa, si siku kadhaa.

(d) Wawe watu wawili, mmoja ashike na mwingine asukume. Tumia kipande cha plastiki chenye kitambaa laini ukingoni. Anza katikati, sukuma hewa kwenda nje.

(e) Kwenye mkunjo, pasha plastiki kwa mashine ya hewa ya moto, uilaze bila kuivuta sana. Ukimaliza, ipashe tena kwa joto kali zaidi, kama mtengenezaji alivyoelekeza, ili isahau umbo lake la zamani.

(f) Usikate kwa wembe juu ya rangi. Mkwaruzo unaofika kwenye bati hukaribisha kutu.

3. KUBANDUA

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Plastiki nzuri, ikibanduliwa wakati wake na kutoka kwenye rangi ya kiwandani, huacha rangi nzima. Huko Ujerumani, ambako taksi zilitakiwa kuwa na rangi moja ya pembe za ndovu kuanzia mwaka 1971, wenye taksi wengi walikuja kutumia plastiki badala ya rangi. Wakati wa kuuza gari waliibandua, na rangi ya chini ikawa bado nzuri.

Kwa hiyo kubandua kunawezekana, kwa utaratibu. Pasha sehemu ndogo, kiasi cha viganja viwili, mpaka plastiki ilegee. Isifike kutoa moshi. Inua kona kwa ukucha au kipande cha plastiki, si kwa kisu. Vuta polepole, ukiilaza nyuma juu ya bodi, wala usiivute wima kuja kwako. Ikianza kukatika, pasha tena. Gundi iliyobaki iondoe kwa dawa ya gundi, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana. Usitumie petroli. Inaweza kuharibu rangi, na karibu na mashine ya moto inaweza kuua watu.

Plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi hukauka na kukatika vipande vidogo, hasa kwenye boneti na paa. Na rangi iliyopakwa gereji juu ya bati lisilosafishwa vizuri inaweza kung'oka hata mikononi mwa fundi hodari. Haraka haraka haina baraka, lakini pia upole wako hauwezi kufufua rangi iliyokwisha kufa.

4. AFYA

PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma macho, koo na mapafu. Usiichome kwa mashine, wala mabaki yasitumiwe kuwashia moto wa chai. Fungua milango ya karakana. Tumia glavu na miwani unaposhika dawa za gundi.

Wenzetu wanaotengeneza PVC yenyewe walilipa kwa maisha yao. Mwezi Januari 1974 kampuni ya B.F. Goodrich ilitangaza vifo vya wafanyakazi wake wa Louisville, Marekani, kwa saratani adimu ya ini. Ilitokana na gesi ya vinaili kloridi, ambayo PVC hutengenezwa kwayo. Plastiki iliyokwisha kutengenezwa si gesi ile. Lakini tujifunze: mwaka huo huo vyama vya wafanyakazi vilidai, na serikali ya Marekani ikaamuru kiwango cha gesi hiyo kazini kishushwe kutoka sehemu 500 katika milioni ya hewa hadi sehemu 1. Wenye viwanda walilia kwamba haiwezekani. Ikawezekana.

5. MSHAHARA

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya chama na mwajiri, au na uamuzi wa usuluhishi. Na mfanyakazi aelezwe masharti hayo. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Basi glavu si za kununua wewe.

Lakini sheria huhitaji ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kugusa gari, lizungukeni pamoja na msimamizi. Andikeni namba ya gari, tarehe, umri wa plastiki, kila mkwaruzo, kutu, na sehemu zilizopakwa upya. Muulizeni dereva, yeye ndiye anayejua. Pigeni picha kwa simu. Msimamizi aweke sahihi. Akikataa, andikeni kwamba amekataa, na mashahidi wawili watie sahihi. Karatasi hiyo huchukua robo saa. Wale vijana watatu wangekuwa nayo, meneja angejibiwa.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika yadi yenu, nani hubandua plastiki za magari, na amepewa vifaa gani?
2. Je, yupo aliyekatwa mshahara kwa kuharibu kitu? Alionyeshwa sheria gani?
3. Ni kazi gani nyingine mahali penu zinazohitaji daftari la ukaguzi kabla ya kuanza?

Kila tawi lichague ndugu mmoja wa kutunza daftari hilo, na majibu yaletwe kwenye mkutano ujao.