Uwatu: Msaidizi wa Mwili, Si Badala ya Dawa



Katika somo la mwezi huu twataka kuitazama mbegu ndogo ijulikanayo sana na akina mama wa pwani, yaani uwatu. Wahindi huuita methi, na Waarabu hulba. Ni mbegu ngumu, ya rangi ya manjano, chungu ulimini na yenye harufu kali. Wanadamu wameitumia tangu kale. Hata katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, zilionekana mbegu za uwatu. Lakini ukale wa kitu hauthibitishi ya kuwa ni dawa. Basi na tuulize: Mna nini ndani ya mbegu hii, nacho chafanya kazi gani mwilini?

1. Ute wake. Ukiloweka kijiko cha uwatu usiku kucha, asubuhi utaona mbegu zimevimba, na maji yamekuwa mazito yenye kuteleza. Ute huo watoka katika nyuzinyuzi ziitwazo galaktomanani. Hata tumboni hufanya vivyo hivyo: chakula hukawia kutoka tumboni, na sukari yake huingia katika damu polepole. Mwaka 1990 wataalamu wa Hyderabad, katika nchi ya India, waliwapa wagonjwa wachache wa kisukari unga wa uwatu uliotolewa mafuta, gramu 100 kila siku, kwa siku 10. Sukari iliyotoka katika mkojo wao ilipungua kupita nusu. Angalieni kipimo hicho: si punje chache za kiungo katika mchuzi.

2. Asidi ya amino. Uwatu una asidi ya amino ambayo ni nadra kuonekana katika vyakula vingine. Katika majaribio ya wanyama ilionekana kulichochea kongosho litoe insulini, sukari inapozidi katika damu.

3. Diosgenini. Kitu hiki hutumika viwandani kutengenezea homoni. Ndiyo sababu wengine husema uwatu huongeza homoni mwilini. Sivyo, mabadiliko hayo hufanywa kiwandani, wala mwili wetu hauwezi kuyafanya.

Je, uji wa uwatu anywao mzazi huleta maziwa? Majaribio yaliyofanywa ni madogo, na majibu yake hayakubaliani. Ijulikanayo kwa hakika ni hii: mtoto anyonyeshwaye mara kwa mara ndiye ayaitaye maziwa.

Sasa twafikia neno lililo kubwa kuliko yote. Wako watu ambao, wakiisha kusikia sifa za uwatu, huitupa insulini yao. Kufanya hivyo ni kujitia katika hatari ya mauti. Mwaka 1922 insulini ilitumiwa mara ya kwanza kumtibu mtu. Kabla ya hapo, mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini hakuwa na tumaini la kuishi miaka mingi. Na uwatu ulikuwako siku zote hizo, wala haukumponya.

Tena, mwenye kutumia dawa za kisukari akiongeza uwatu mwingi aweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Mwenye mimba asile uwatu kwa kipimo cha dawa. Anywaye dawa ya kuzuia damu isigande, na adhuriwaye na karanga au dengu, wamwulize daktari kwanza.

Basi, tuutie uwatu katika mchuzi na uji wetu kwa furaha, maana ni chakula chema. Lakini msaidizi asipewe kazi ya bwana wake. Ukimwona jirani ameacha dawa kwa ajili ya mbegu hizi, usinyamaze. Mwonye kwa upole, umsindikize hospitali.

Maswali ya kujifunza:
1. Ute wa uwatu hufanya kazi gani tumboni?
2. Kwa nini haifai kuacha insulini kwa ajili ya uwatu?
3. Ni nani wampasao kumwuliza daktari kwanza?