Wenye misitu midogo wa Ulaya wanasikilizwaje Brussels?

SWALI: Nasikia wenye misitu binafsi wa Ulaya huungana kuvuka mipaka na kushawishi sheria. Mtu mwenye ekari chache za miti anapataje sauti?

JIBU: Peke yake haipati. Karibu asilimia 60 ya misitu ya Umoja wa Ulaya ni ya watu binafsi, wengi wao familia. Mwenye msitu wa Finland huanzia chama cha eneo lake, kilicho chini ya MTK, muungano wa kitaifa wa wakulima na wenye misitu. MTK nao ni mwanachama wa CEPF, shirikisho la wenye misitu wa Ulaya lenye ofisi Brussels. Umoja wa Ulaya hauna sera ya pamoja ya misitu katika mikataba yake, lakini sheria zake za mazingira, nishati na biashara huigusa misitu mno. Hapo CEPF hupeleka hoja kwa Tume ya Ulaya, na vyama vya kitaifa huwafuata wabunge wao.

Mfano wa kuungana kuvuka mipaka ninaouthamini zaidi ni wa 1999. Ukaguzi wa cheti cha kuthibitisha kuwa mbao zimetoka msitu unaotunzwa vyema, shamba kwa shamba, uliwalemea wadogo kwa gharama. Wawakilishi wa nchi 11 wakaanzisha mjini Paris PEFC, mfumo wa cheti ambamo kikundi au mkoa mzima hukaguliwa pamoja. Wanamazingira huilaumu kuwa karibu mno na wenye misitu, na lawama hiyo si ya kupuuzwa.

Kazi ngumu ni wenye misitu kupatana wenyewe kwanza: Mreno anahofia moto, Mswidi anawaza bei ya magogo.